Gari Lililopiga Baragumu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, jua limeshaanza kulegea, nimeketi kwenye gari jipya linalonukia ngozi, namwambia mume wangu, "Kanyaga, Hamisi! Kanyaga!" Ndiyo, mimi. Usinitazame hivyo. Miguu hii unayoiona inaomba mafuta ya kuchua ilikuwa ya msichana, na msichana huyo alikuwa na wazimu wa magari kukushinda wewe.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Babu yako Hamisi alikuwa dereva wa Bwana Jamal, Mhindi mwenye duka la vitambaa pale Gongoni, na Bwana Jamal alikuwa ameagiza gari kutoka Marekani. Kampuni yenyewe ilikuwa kongwe, ya magari mapana ya watu wazima, yale yanayokwenda kwa adabu utadhani yamebeba bibi harusi. Safari hii wakongwe hao walikuwa wametoa gari la milango minne lenye kitu kinaitwa turbo. Hamisi alinieleza: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo, na ile feni inaisukumia injini hewa, basi gari linapata pumzi ya pili. Mimi sikuhitaji maelezo. Likikanyagwa lilipiga mluzi, unapanda, unapanda, mpaka mgongo unabandikwa kwenye kiti. Loo! Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Bwana Jamal hakutaka gari lake lilale, kwa hiyo kila alasiri Hamisi alilinyoosha kidogo kwenye barabara ya Itetemia, nami najipakia mbele. Ukishaiacha Itetemia, barabara ya magari ilikuwa inaungana na njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na meno ya tembo kwenda pwani. Imenyooka, haina nyumba, haina watu. Hapo ndipo tulipokuwa tunakanyaga.

Na hapo ndipo tulipomwona. Ajuza, amejifunga kaniki, amesimama ukingoni mwa barabara, ameshika kata ya kibuyu kwa mikono miwili. Tulimpita fyuu, na nilipogeuka vumbi lilikuwa limeshamfunika.

"Umemwona?" nikauliza.

"Nimemwona," akasema Hamisi, akakanyaga moja kwa moja mpaka mjini.

Kesho yake alikuwepo. Safari hii miguu yake ilikuwa ndani ya barabara. Siku iliyofuata alikuwa amesogea tena. Hakutupungia mkono, hakupiga kelele. Aliuelekeza uso kule tunakotokea, na hata tulipokwisha kumpita hakugeuka kututazama. Aliendelea kuangalia kulekule nyuma yetu, kama anayengojea kitu kingine. Nywele zilinisimama, mwanangu. Wewe unacheka kwa sababu umekaa hapa kwangu, chai mkononi.

Nilimwomba Hamisi apunguze mwendo. Akatikisa kichwa. "Yule si mtu. Tukipunguza ndiyo ametupata." Akakanyaga zaidi, mluzi ukapanda, na tulipita karibu naye mno hata maji ya kwenye kata yakarukia dirisha, yakanimwagikia mkononi. Niliyashika. Yalikuwa ya baridi, kama yametekwa mtungini muda uleule.

Tuliporudi dukani tukamkuta Bwana Jamal amefurahi hana mfano. Wageni wake kutoka Dar es Salaam walikuwa wanafika, na kesho kutwa yeye mwenyewe angewaendesha kwenye barabara hiyohiyo, awaonyeshe turbo ni nini. Hamisi akaniangalia, nikamwangalia. Bwana Jamal alikuwa mtu mwema, lakini macho yake hayakuwa mazuri na mguu wake ulikuwa mzito. Kama yule bibi ni mtu, na kama anaendelea kusogea, kesho kutwa atakuwa katikati ya barabara.

Usiku ule tulimsimulia mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Mmemsalimia?"

"Mama, yule ni shetani," akasema Hamisi.

"Sikukuuliza ni nani. Nimeuliza mmemsalimia."

"Hatukumsalimia."

"Basi umejuaje si mtu? Mtu hujulikana kwa kuitikia." Hapo akauweka ungo chini, na nilijua tumekwisha. "Babu zenu walipita njia ile na meno ya tembo mabegani, jua linawala, na walisimama wakasalimia. Nyie mmebeba nini kizito hata mshindwe? Kesho nendeni mkasimame. Akiitikia, mtasikia anataka nini. Asipoitikia, geuzeni gari mrudi polepole. Msikimbie. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Haya. Tukaenda. Sitakudanganya, nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono yote. Hamisi hakukanyaga, lakini pale barabara inaponyooka gari lenyewe likatoa mluzi mdogo, na mbele yetu tukamwona bibi ametoka vichakani, anakuja mbiombio kwa hatua zile za wazee, kata mikononi, mpaka katikati ya barabara. Akasimama. Hamisi akafunga breki. Vumbi likatupita, likamfikia, likatulia.

Nikashuka.  Nikasema, "Shikamoo, bibi."

  Akageuza uso wake polepole kuifuata sauti yangu, na nikaona macho yake ni meupe kama maziwa.

"Marahaba," akasema. Mwanangu, nilitamani kumkumbatia!

Halafu akaanza kutugombeza. "Mnapiga baragumu, natoka, mnapita. Kesho mnapiga, natoka, mnapita. Nikasema labda hawanioni, ngoja nisogee. Adabu gani hiyo? Tangu lini msafara unapiga baragumu na hausimami?"

Hapo nikafahamu. Ule mluzi niliokuwa naushangilia, yeye aliusikia kuwa ni baragumu la wapagazi, linalowaambia wake wa mjini kwamba waume zao wanarudi. Hata bibi yangu mzaa mama alinihadithia: mwanamke alitoka na maji njiani, na mwanamume hakutua mzigo mpaka ayanywe. Huyu, tulivyokuja kuambiwa na mjukuu wake, aliitwa Bi Nyamizi. Mume wake, Maganga, alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Mjerumani, na hakurudi.

Hamisi alikuwa ameshashuka. Bibi akampapasa bega, akatafuta alama ya mzigo, hakuiona. "Wewe si yeye," akasema. "Wenzako wako wapi?"

Kijana wa watu angesema nini? Akasema, "Wako nyuma, bibi. Wanakuja."

Bi Nyamizi akageukia barabara tupu. Nilitazama nami, hakukuwa na kitu ila vumbi letu wenyewe, limesimama hewani. Akasema, "Marahaba." Akangoja kidogo, uso wake ukifuata kitu kinachopita mbele yake. "Marahaba, baba. Marahaba. Pole na safari. Marahaba." Hamisi alinishika mkono. Bibi akaendelea kuitikia, mmoja baada ya mwingine, salamu tusizozisikia.

 Kisha akainua ile kata kwa mikono miwili, juu, kama unavyomnywesha mtu aliyekuzidi kimo na ambaye mikono yake imeshika mzigo. "Umechelewa," akasema. "Haya, tua."

Alipoishusha, kata ilikuwa tupu. Nilitazama vumbi miguuni pake, mwanangu. Lilikuwa kavu.

Tulimpeleka kwake nyuma ya vichaka, kwa mjukuu wake. Hamisi aliendesha polepole kuliko nilivyopata kumwona. Bwana Jamal aliwaendesha wageni wake siku yake, gari likalia mluzi wote, na barabara ilikuwa nyeupe, hakuna mtu. Miaka baadaye, watu walipohamia vijiji vya ujamaa, nilikutana na yule mjukuu tukipanga foleni ya maji. Akaniambia bibi aliishi muda mrefu, na hakwenda tena barabarani. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Niende kumngoja nani? Mume wangu ametua."

Sasa sikia. Gari lako ni zuri, nami nimelipenda. Kesho utanizungusha, na nitakwambia ukanyage. Sikukatazi mwendo. Ninalokukataza ni kumpita mtu kana kwamba ni mti. Leo umeingia mtaani vioo juu, muziki unapiga, na jirani yangu Mzee Idi ameinua mkono pale mlangoni kwake, hukumwona. Hujui anangoja nini. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na taa yake ni salamu. Heshima si utumwa.

Mungu akupe njia nyeupe, akuepushe na ajali, na kila utakakofika umkute aliyetoka na maji kukupokea. Na ukawe wewe wa kusimama.

Haya, nenda kwa Mzee Idi. Gari liache hapa.