Duka la Mama Ndani ya Seva

Mama alipofunga duka lake la kanga Biashara Street kwa sababu ya magoti, biashara yote ilihamia kwenye tovuti, na tovuti ikakaa ndani ya kompyuta sebuleni kwetu, Mji wa Kale. Kukodi seva, kompyuta ya kuwekea tovuti, ya watu wa nje hakutaka kusikia. "Duka langu likae kwa mtu n'siyemjua, kwani mimi sina nyumba?"

Siku kompyuta ilipozima, niliifungua. Feni ilikuwa imegandwa na masizi ya ubani. Kila Alhamisi jioni mama hufukiza nyumba nzima, na seva hakuisaza. Nimwambie aache? Sikuthubutu. Nyumba isiyofukizwa, kwake si nyumba.

Ikabidi nichague mashine nyingine, na niliogopa, sioni haya kusema. Fundi wa Mwembe Tayari alikuwa nazo mbili. Kubwa ya mtumba, yenye mafeni, ingebeba mfumo wa Windows niliouzoea. Ndogo haikuwa na feni, moshi ungekosa pa kuvutwa, ila nguvu zake chache zilitosha mfumo wa Linux tu, tena ule wa seva usio na picha za kubofya: kioo cheusi, uandike amri.

"Ukikosea, ndiyo ushakosea," fundi akasema akicheka.

Mimi sikucheka. Nikikosea mimi, atakayefunga duka mara ya pili ni mama.

Nikachukua ile ndogo. Kila amri niliirudia kuisoma kama mtoto wa chuo cha Kurani, mpaka tovuti ikafunguka.

Alhamisi mama akaja na chetezo chake, akaifukiza mashine, kisha akasimama. Moshi ukampanda usoni asijali.

"Mwanangu, mbona haivumi? Ishakufa?"

Nikamweleza kuwa haina feni, ndivyo ilivyo, kimya.

"Ile ya zamani nilikuwa nikilala naisikia, najua duka li wazi. Sasa hii n'tajuaje?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kudhani kuwa naye aliogopa, tena kunishinda. Nikamwahidi kuitazama kila asubuhi.

Basi nikiamka huiangalia kwanza, ndipo niende kumwamkia. Haniulizi kitu. Hunitazama usoni tu ninapoingia, na kuna asubuhi nikikuta tovuti haifunguki, mimi husimama kwanza nje ya mlango wake, nikiutengeneza uso.