Niliizima Taa ya Mama Mkwe kwa Brashi

Kosa ni langu, wala sisemi shetani alinipitia. Naficha jina kwa sababu anayestahili kuambiwa kwanza nalala naye kitanda kimoja, na bado sijamwambia.

Nipo Bariadi, Somanda, naandika mabango ya maduka. Mume wangu ni seremala, ila moyo wake ulikuwa kwenye picha za kuchonga ubao, kuupaka wino na kuuchapa kwenye karatasi. Alifundishwa chuoni na mwalimu wa Kijapani, aliyemwachia kitabu cha picha za usiku za kwao: mvua darajani, mwezi nyuma ya misonobari, kijiji kilichofunikwa na theluji. Ile theluji mimi niliiona pamba tupu, akanicheka wiki nzima.

Yeye na mama yake walikuwa hawasemezani tangu alipoacha shamba la pamba kule Itilima. Miaka minne! Mama alipoanza kuumwa, mume wangu akaamua kumwomba radhi kwa picha. Akachonga nyumba yao ikiwa usiku, kwa mtindo ule wa Kijapani, anga nyeusi juu ikififia kuwa buluu karibu na paa.

Siku ya kuipeleka akaniachia niitie kwenye fremu, yeye akaenda kutafuta pikipiki. Jamani, mimi na ujuaji wangu! Nikaona kwenye dirisha la ile nyumba ya pichani peupe kabisa, nikadhani wino haukushika. Kwetu wa mabango, pasipo na rangi ni kasoro, mteja anakurudishia. Nikachovya brashi kwenye wino wake mweusi, nikapajaza. Nikaifunga kwenye kitenge, nimeridhika kabisa.

Mama aliipokea kitandani kwa mikono miwili. Akaitazama sana, akapitisha kidole mpaka dirishani, uso ukamshuka.

"Ng'wanone," alimwambia mwanawe, "umenizimia taa ningali hai?"

Mume wangu akaichukua, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akaikagua. Alikuwa amechonga taa ambayo mama alimwachia dirishani kila alipochelewa kurudi kutoka shule.

"Mayu, mwanga hauchapwi," alisema. "Tunauachia karatasi tupu. Labda wino umevuja."

Mama hakumwamini. Kwake nyumba isiyo na taa ni ya marehemu. Akageukia ukutani.

Nami nilikuwa nimesimama palepale. Nikanyamaza! Mbao alizoichongea picha ile zilikuwepo nyumbani. Ningesema, angechapa nyingine kesho yake akaipeleka. Niliogopa kuonekana mkamwana mbaya. Nikajiambia nitasema tukifika nyumbani, kisha nikasema Jumapili, kisha mama akipata nafuu. Hakupata. Wiki ya tatu tulimzika.

Mume wangu hachongi picha tena. Vitanda na milango anatengeneza, lakini ukimwuliza habari za picha anakujibu kwamba mkono wake ulimuumiza mama siku zake za mwisho. Namsikia, nampelekea chai, nanyamaza tena. Najichukia.

Wakamwana wenzangu, na wote mnaosoma: kazi ya mtu usiirekebishe kabla hujamwuliza. Na ukishaharibu, sema saa hiyohiyo, hata kama chumba kimejaa wakwe. Aibu yangu ingeisha jioni ile. Sasa mama ameondoka akiamini mwanawe alimtakia kifo, na mwanawe anajilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya.