Pipa Lenye Mfuniko

Miaka ile wakimbizi walipofurika Kigoma, mashirika ya misaada yalisaka makarani kuliko wavuvi wanavyosaka dagaa. Sharti lilikuwa moja: ujue kompyuta. Basi watu wazima wa mtaa wa Gungu tukarudi darasani jioni, nusu ya mji kwa mashine moja kuukuu, kioo chake kidogo kama kile cha kunyolea ndevu.

Mwalimu wetu, mkimbizi mpole kutoka Bujumbura, alituambia hakuna haja ya kukariri amri. Kwenye kioo kuna picha ndogo ndogo. Sukuma kipanya mezani, kishale kinatembea, bofya picha, inafunguka. Mimi siku ya kwanza nilikishika kipanya kwa nguvu hadi nusura kilie.

Pembeni, chini, palikuwa na picha ya pipa lenye mfuniko. Mwalimu alisema hiyo tutaifikia wiki ijayo. Nani angesubiri? Kwetu kitu chenye mfuniko ni cha kutunzia: unga, nguo za sikukuu, vyeti. Takataka tunatupa shimoni nyuma ya nyumba. Kwa hiyo kila tulichokithamini tulikiburuta hadi pipani. Na lenyewe likipokea kitu linavimba tumbo, kama mtu aliyeshiba ugali na migebuka ya ziwani. Kesho yake tukilikuta limesinyaa, tulisema vitu vimeshuka chini, kama unga unavyoshuka.

Aliyelipenda kuliko wote alikuwa dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa. Wanawe wawili walikuwa wamebaki kwa bibi yao, na mshahara wa ukarani ndio ungewaleta. Barua yake ya maombi aliichapa jioni nzima kwa kidole kimoja, huku akinisimanga.

"Kaka, hicho kipanya umekikaba kama mwizi wa kuku!"

"Na wewe dada, hicho kidole kitafika lini? Kinatoka Iringa kwa miguu?"

Akamaliza. Wino wa printa ungeletwa asubuhi, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa mchana wake. Akaiburuta barua pipani, akapumua.

Siku hiyo tulichelewa kutoka, ndiyo maana tulimwona mwalimu akikaa kufunga mashine.

"Ngoja kwanza nimwage takataka," akasema.

"Takataka zipi, mwalimu?"

"Hizi za pipani. Kila jioni mkishaondoka ninamwaga."

Dada alitoa ukelele uliosikika hadi Ilagala. "Mwalimu, usimwage! Watoto wangu wamo humo!"

Maskini mwalimu, alikuwa ameshatoa amri. Mashine ilikuwa ikimuuliza kama ana hakika. Kidole kikaganda hewani. Na hapo hapo umeme ukakatika. Mji mzima ulilaani giza, isipokuwa sisi wa darasa lile, tuliopiga vigelegele kama harusini.

Asubuhi umeme uliporudi, pipa lilikuwa pale pale na kitambi chake. Barua ikatoka nzima, ikachapwa, ikapelekwa mbio.

Kazi aliipata. Nilimsindikiza stesheni kuwapokea wanawe, nikambebea na mizigo. Kufika nyumbani kwake, nikamwona anaweka vyeti vyao vya kuzaliwa kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Dada, na ule mkasa wote?"

"Kaka, sema kweli. Lile pipa lilinipotezea nini?"

Nikaokota mfuniko, nikamfunikia ndoo.