Hatua Thelathini na Mbili za Shangazi Evangelina

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Evangelina kilikuwa kiti chake. Pale kijijini Gatete, wanawake wanaochambua matunda ya michikichi huketi chini na kulizunguka lundo, miguu wameinyoosha. Yeye peke yake alikaa juu, kwenye kiti kirefu cha mbao, akivuta mashada kwa ndoana ya waya. Nilidhani ndiye mkubwa wao.

"Mukubwa gani?" jirani yake Mwamini alicheka. "Goti lake halitaki kushuka, basi ametupanda kichwani!"

Evangelina ana miaka sitini na mitatu. Alikulia ukimbizini Tanzania, akarudi kwao mwaka 2008. Goti la kulia lilichakaa kwa kusukuma, mwaka baada ya mwaka, mti wa mashine ya kukamulia mawese. Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa Bujumbura, akawekewa goti la chuma. Baada ya miezi minane likavimba, likawa la moto. Hapo akafanya kosa ambalo wengi wetu huku tungelifanya: alipasha mawese, akalikanda asubuhi na jioni kwa miezi miwili, mpaka usaha ukatoka.

Halifichi kosa hilo. Nilivutiwa naye zaidi kwa sababu hiyo.

"Nililikaanga goti langu kama samaki mukeke," huwaambia wenzake. "Goti la chuma likipata moto, mama, acha chupa ya mawese. Panda gari, nenda kwa muganga wa hospitali."

Madaktari walilitoa goti lile, wakaweka kwa muda saruji ya hospitali yenye dawa ya kuua vijidudu. Kwa majuma mengi mguu ulikaa umenyooka kama mchi. Kisha wakaweka goti jingine, lenye vyuma virefu zaidi. Daktari hakumdanganya: goti linalorudiwa ni nadra kuwa zuri kama la kwanza. Kupiga magoti asahau. Fimbo aiache tu penye ardhi sawa.

Sasa Eliana, binti wa kaka yake Lameki, anaolewa Jumamosi hii. Kwetu shangazi ndiye anayemtoa bibi harusi ndani na kumfikisha mbele ya wakwe, amemshika mkono. Kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wa wakwe ni hatua thelathini na mbili, na uwanja wa Lameki una mteremko.

"Shangazi, usihangaike. Nitakushika mimi," Eliana alimwambia.

"Ehe! Na wakwe waulize nani anamupeleka nani?"

Hakubishana na daktari. Alibishana na uwanja. Kwa wiki mbili alimwagiza Lameki amwage maganda ya kokwa za michikichi, ayashindilie kusawazisha mteremko, amwage tena, huku yeye akikagua kutoka kwenye kiti chake kirefu. Kisha akaanza mazoezi: siku ya kwanza hatua tisa, akasimama, jasho likimtoka. Jana alifika ishirini na nane. Goti lilimuuma, lakini halikuwa la moto. Alilipima kwa kiganja, kisha akamwomba Mwamini naye alipime.

"Baridi kama ziwa," Mwamini alisema. "Bado nne."

"Nne hizo ni za Jumamosi."

Leo ni Alhamisi. Turubai limeshafungwa, maganda yameshindiliwa mpaka mkekani. Mwamini amekabidhiwa fimbo ya Evangelina, na ameapa ataikalia mpaka Eliana afike kwa wakwe.