Uzi wa Meno Kwenye Cherehani

Daktari wa meno kule Kigobe aling'oa jino langu la nyuma, akaniambia na la pembeni yake linaanza kulegea. Fizi zimechoka, akasema. Nikipitisha uzi kati ya meno kila siku, huenda likabaki. Nikamwitikia vizuri tu, nikanunua kile kikopo cha uzi, nikatoka nimenuna. Mtu nashona sare za shule tangu asubuhi, mgongo unauma, macho yanauma, sasa na meno nayo yanataka kuhudumiwa.

Lakini niliogopa. Naishi na mama yangu Buterere, na mama amebakiza meno mawili tu, ya chini. Nyama hali tena. Akicheka anaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, hata mbele yangu mimi niliyetoka tumboni mwake. Sikutaka kufika huko.

Nikaweka uzi karibu na ndoo ya kunawia, niupitishe kabla ya kulala. Wapi! Nikishakula ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, usingizi unanikamata hapo hapo kwenye mkeka. Siku niliyojikaza, nikauvuta kama tunavyovuta sisi mafundi tukimaliza pindo: mara moja, kwa nguvu, ukatike. Fizi ikachanika. Nikatema damu, nikautupa uzi juu ya kabati, ukakaa huko unashika vumbi.

Jino likazidi kucheza. Nikaanza kutafunia upande mmoja, kimya kimya, nikidhani sionekani.

"We mutoto," mama akasema, "mi nilianzaga hivyo hivyo."

Nilikasirika, sijui na nani. Kesho yake nikaushusha ule uzi, nikautundika kwenye cherehani pale barazani, pamoja na nyuzi zangu za kazi. Asubuhi, makaa yakiwa yanashika moto ndani ya pasi, mimi hukaa tu mikono mitupu. Basi nikajiambia, kabla sijagusa kitambaa, uzi huu kwanza, na taratibu, kama natunga sindano. Saa ile mwili bado haujachoka, na hata nikitaka kuusahau, uko mbele ya macho yangu.

Mama alikuwa anakaa mlangoni kwenye kibao chake, ananitazama. Halafu asubuhi moja akasogeza kibao mpaka kwenye magoti yangu.

"Na haya mawili?" akauliza. "Haya hayana mwenyewe?"

Akaondoa kitenge mdomoni.

Sikuwahi kuuona mdomo wa mama kwa karibu namna ile. Nikapitisha uzi kati ya yale meno. Nilitaka kulia, nikasema, "Fungua vizuri, mama, kazi inaningoja."

Kuna asubuhi naamka sina nguvu hata ya kunawa, naapa leo meno yatanisamehe. Natoka barazani, namkuta keshakaa, pasi keshaitia makaa, ananisubiri. Namshughulikia yeye, kisha mimi. Jino langu bado linacheza kidogo, ila lipo.

Juzi mteja mmoja alimchekesha mama akiwa anachambua maharage. Akacheka, mikono yote miwili ndani ya sinia, na kitenge kikabaki begani.