Kamshafti ya Pikapu ya Mikate

Shemeji yangu watu wanamwita Unywele, na kichwani hana hata mmoja. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu kazi yake ni kusaga kamshafti, na katika kazi hiyo unywele ni kitu kinene sana. Mimi ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na haki hiyo nimeitumia miaka yote bila huruma.

Kwa asiyejua, kamshafti ni mhimili wa chuma ndani ya injini, wenye vinundu vya umbo la yai. Ukizunguka, vinundu vinasukuma valvu, na valvu ndiyo milango ambayo injini inavutia pumzi. Milango ikikaa wazi muda mrefu, gari likienda kasi linashiba hewa, linaruka. Lakini likienda pole pole, hewa ile ile iliyoingia inarudi ilikotoka kabla mlango haujafungwa, na gari linakuwa goigoi. Ukiufunga mapema, unapata nguvu ya kuvuta mzigo tangu chini, ila kwenye mbio injini inaishiwa pumzi. Yote mawili kwa pamoja huyapati. Haya shemeji alinieleza mara nyingi, na sikumbuki kumwuliza hata siku moja.

Ndiyo maana alikuwa na desturi yake. Kabla ya kumsagia mtu, alipanda gari la mtu huyo, akakaa kiti cha abiria, mikono magotini, kimya, wakazunguka mjini. Maneno ya mteja hakuyasikiliza, maana kila mteja hutaka mbio. Alitazama mguu unavyokanyaga mafuta, mzigo uliobebwa, na milima inayopandwa. Akishuka, alikuwa ameshajua asage nini.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, mdomo ukarudi (kwa bahati mbaya, nikamwambia), mkono ukagoma. Dada yangu ana tanuri la mikate nyuma ya nyumba. Mimi na yeye ndio tunaooka na kusambaza. Akamweka mumewe kwenye meza ya kukandia. Kila asubuhi alikanda donge moja kwa mkono ule, jasho likimtiririka, na mkate wake ulitoka umepinda kama kofia ya mlevi. Tuliula sisi wenyewe. Ulikuwa mtamu, nisiseme uongo.

Karakana yake ilikuwa imefungwa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja kila mara kuitazama mashine ya kusagia, akiipapasa kama ng'ombe wa mnada. Siku moja shemeji akasema, "Kamshafti ya pikapu yetu imekwisha. Nitaisaga hiyo kwanza. Mkono ukinishinda, mashine iende." Dada alikwenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Shemeji alisaga kutwa nzima, mlango umefungwa. Pikapu hakuipanda kwanza. Nilipomkumbusha desturi yake alicheka. "Mke wangu mwenyewe, shemeji? Nikamchunguze garini kama mgeni?"

Ilipofungwa kwenye injini, pikapu ilinguruma kwa kusitasita, dufu, dufu-dufu. Lakini kwenye barabara tambarare, bila mzigo, iliruka hadi nikashika mlango. Dada alicheka kwa sauti kama msichana. Tuliporudi, shemeji alikuwa amesimama getini, anafuta macho.

Kesho yake tukapakia mikate ya hospitali. Hospitali iko juu ya mlima mkali, na barabara yake ina matuta tangu chini hadi juu. Mbio huwezi, na bila mbio unahitaji nguvu. Tuta la pili, injini ikazima. Dada akawasha, akakanyaga mafuta, akaachia klachi, ikazima tena. Tulifika juu kwa makelele na harufu ya klachi inayoungua, wagonjwa wakituchungulia madirishani.

"Leo tunamwambia," nilisema.

"Ukimwambia, trei hizi utazibeba kichwani mpaka uzeeke."

"Dada, gari halipandi!"

"Nimeona. Na yeye nilimwona jana getini. Atasema ni mkono. Atauza mashine, halafu atakaa anatazama ukuta. Wewe hujamwona akitazama ukuta. Mimi nimemwona."

Nikanyamaza, ingawa kunyamaza si fani yangu. Tangu hapo tulishusha nusu ya mikate kwa muuza duka chini ya mlima, tukapanda mara mbili. Jioni shemeji akiuliza, "Inavutaje?" dada anajibu, "Inavuta vizuri, baba." Mimi naangalia dari. Mficha uchi hazai, nilitaka kumwambia, lakini dada ni mkubwa kwangu na mkono wake ni mwepesi.

Asubuhi moja tukiwa tunapakia, shemeji akatoka amevaa viatu.

"Leo nakwenda nanyi."

"Kuna baridi nje," akasema dada.

"Gauni lako linanuka klachi kila jioni. Mkono wangu umelala, mke wangu. Pua iko macho."

Nikapanda nyuma kwenye trei. Tuta la pili, injini ikazima, pikapu ikarudi nyuma kidogo kabla dada hajakanyaga breki. Kupitia kidirisha nilimwona shemeji ameunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anautazama kama mtoto aliyemtia aibu mbele za watu. Nililia pale pale katikati ya mikate.

Mchana ule fundi wa gereji ya jirani akamsaidia kuitoa kamshafti. Mimi na dada tukasimama mlangoni mwa karakana, unga hadi viwikoni. Shemeji akapima kinundu cha kwanza kwa maikromita. Akakipima tena. Cha pili. Cha tatu. Alipomaliza cha mwisho aliweka chombo mezani, taratibu.

"Viko sawasawa vyote," alisema. "Hakuna kosa hata la unywele."

"Kwa hiyo mkono..." dada alianza.

"Mkono ni mzima."

Akageukia mashine. Kamshafti husagwa kwa kufuata kielelezo, bamba la chuma lenye umbo linalotakiwa, na kielelezo kilikuwa bado kimefungwa pale. Akakifungua, akakigeuza, akakaa chini. "Hiki ni cha barabara ya kiwandani."

Mimi ilibidi nielezwe. Kabla ya harusi yao, dada ndiye aliyekuwa akimjaribia injini kwenye barabara ndefu nyuma ya kiwanda, kwa sababu hakuna fundi aliyethubutu kukanyaga mafuta kama yeye. Kielelezo kile shemeji alikichonga enzi hizo, kwa ajili yake. Aliposema anamsagia mkewe, mkono ulikwenda wenyewe kukitoa ukutani.

"Kinyozi hajinyoi," nikasema. "Ungepanda gari kwanza."

"Ungeona mama mtu mzima na trei za mikate," dada akasema. "Yule wa kiwandani umemwona wapi?"

"Namwona kila siku," shemeji akamjibu. "Nilidhani ndiye anayeendesha."

Dada akamshika kipara kwa mikono yote miwili, akakiacha cheupe.

Chuma kilichosagwa hakirudi, kwa hiyo akachukua kamshafti nyingine kuukuu kutoka rafuni. Safari hii alimkalisha mkewe kwenye kigoda, akamhoji kama mteja mgeni: tuta la kwanza unaingia na gia gani, trei zinajaa hadi wapi. Mteja alijibu yote kwa adabu, akicheka. Yule bwana wa mashine alipokuja, nilimpokea mimi getini, na hajarudi.

Kwenye tambarare sasa pikapu yetu haina makuu. Hata baiskeli zinatupita, na kila ikitupita moja namtajia shemeji.

Lakini siku tuliyoijaribu mlimani, mzigo wote, nilikuwa nyuma tena, shemeji mbele kando ya dada, macho yangu kwenye kidirisha. Tuta la kwanza, la pili, la tatu, ikapanda kwa gia ile ile, pole pole, bila kelele. Siku zote mlima ule ulimfanya dada apambane na gia mwanzo hadi mwisho. Sasa mkono wake wa kushoto haukuwa na kazi. Niliuona umekaa juu ya gia, unasubiri. Kisha ukaondoka, ukaenda kuuchukua mkono wa kulia wa mumewe kutoka gotini. Vidole vya shemeji vilichelewa kidogo, halafu vikafumba. Tulifika juu hivyo hivyo.