Vyuma vya Kimo cha Kati

Otilia hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Ukiingia ghala la silaha la kampuni yao ya ulinzi pale Milanzi, ungemkuta ama anasafisha bastola, ama anabishana na mtu, na mara nyingi anamshinda. Asubuhi hiyo alikuwa anabishana na mlinzi mwenzake, Felisian, na kilichowagombanisha kilikuwa vyuma vidogo vya kulengea.

Kampuni ilinunua bastola mpya zenye kioo kidogo mgongoni, na ndani ya kioo nukta nyekundu. Unaweka nukta juu ya shabaha, unafyatua, basi. Lakini vyuma, cha mbele na cha nyuma, kila mlinzi alitakiwa ajichagulie kimo chake: vifupi, vya kati au virefu.

"Mimi vifupi," alisema Felisian. "Nukta ipo, vyuma vya nini? Urembo?"

"Vifupi vinafichwa na kitako cha kioo, huvioni ng'o. Nukta ikizima utalenga na nini, kaka? Na pua?"

"Basi chukua virefu!"

Otilia akavijaribu. Loo! Vilisimama katikati ya kioo, vikagombania nafasi na nukta yenyewe. Akavitupa mezani. Vya kati ndivyo vilivyomkaa: ncha zake zilionekana sehemu ya chini ya kioo tu, na nukta ikaelea juu yake bila kubughudhiwa. Kisha akaenda kwenye uwanja wa shabaha kule Malangali, akaizima nukta, akapiga kwa vyuma peke yake mpaka aliporidhika.

Felisian alipiga kwa nukta, zote katikati. Kusema kweli alikuwa na shabaha kuliko Otilia, na jambo hilo lilimuuma mama wa watu. Mmoja wao angekuwa kiongozi wa msafara wa kuwalinda wanunuzi wa mpunga bondeni. Hakuna mwanamke aliyewahi kukishika cheo hicho, na Otilia alikitaka. Alikitaka mno, tusifichane.

Meneja wao, mzee Ndalahwa, akatangaza mtihani. Ungefanyika Mtowisa, kule bondeni: mkishuka tu garini, risasi tano, nne ziingie.

"Shabaha ni shabaha, hata kuzimu," alicheka Felisian.

Sawa, lakini barabara ya Mtowisa kiangazi si mchezo, jamani. Huku juu kwenye baridi na hewa safi mtu anajisahau. Walipanda nyuma ya pikapu pamoja na walinzi wengine, bastola viunoni, na mpaka wanafika bondeni walikuwa vumbi tupu, nyusi hadi viatu.

Felisian akaanza. Akachomoa bastola, akafuta kioo kwa kidole gumba, kikang'aa. Nukta haikuwepo. Vumbi lilikuwa limeziba katundu kanakotoa mwanga wa ile nukta.

"Subiri kidogo, bosi, nipulize!"

"Jambazi hatakusubiri upulize," alijibu Ndalahwa. "Piga."

Akapiga kwa kubahatisha. Ikaingia moja tu.

Zamu ya Otilia ikafika. Akafuta kioo, akainua bastola. Na kwake nukta hamna. Lakini mikono ilikuwa inajua kazi yake. Ncha za vyuma zilikuwa pale pale chini ya kioo, akazipanga, akashusha pumzi. Nne ziliingia. Ya tano ikapita pembeni, naye akajilaani kimoyomoyo.

Ndalahwa akaenda mwenyewe mpaka kwenye ubao, akayagusa matundu moja moja. Aliporudi alisimama mbele ya Otilia.

"Msafara ni wako, mama. Toa amri ya kwanza."

Otilia alitamani kulia, tena alitamani kupiga vigelegele. Akakohoa vumbi.

"Kila mtu asafishe silaha yake kabla hatujaondoka. Na wewe kaka Felisian, ukimaliza, njoo nikuchagulie vyuma."

Wenzake wote wakamgeukia Felisian kuona atasema nini. Akajikuna kichwa, akamtazama Otilia, akabana miguu kiaskari.

"Ndiyo, mkuu," alisema.